Udongo Kiasi Gani Utatosha Tuta Lako? Pima Kabla Lori Halijamwaga

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano

Mvua za Machi zinapokaribia, watu wengi wa Amagoro, Malaba na Busia mjini huanza kuandaa bustani za mboga nyuma ya nyumba. Wenye ploti za kwenye muramu, au zile ambazo jembe likishuka inchi nne tu linagonga jiwe, hulazimika kununua udongo. Wengi huuagiza kwa jicho. Mtu humwambia dereva "niletee lori moja", lori linamwaga, halafu mambo huwa mawili: ama tuta linajaa nusu na pesa zimekwisha, ama udongo unabaki langoni hadi mvua ya kwanza iusombe na kuupeleka kwenye mtaro wa barabara.

Hasara zote mbili zinaweza kuepukwa kwa hesabu ambayo mtoto wa gredi ya 5 anaiweza. Toleo hili tunaifanya hatua kwa hatua, kwa vipimo ambavyo kila boma linavyo: rula ya shule, kamba, na ndoo ya lita 20.

Kwanza jiulize kama unahitaji kununua

Swali hili huwa linarukwa, nalo ndilo lenye pesa nyingi zaidi. Mboga za majani kama sukuma wiki, kunde, mchicha, saga na managu hazihitaji kisima cha udongo. Zikipata sentimita 30 za udongo uliolegea, zinatosheka. Nyanya na karoti hupenda kina zaidi kidogo. Lakini hizo sentimita 30 si lazima zote zitoke kwenye lori.

Chukua foki jembe au sururu, jaribu ardhi uliyo nayo. Ikiwa unaweza kuilegeza kwa sentimita 15 kwenda chini, basi nusu ya kina unacho tayari, hata kama udongo wenyewe haupendezi. Ukiuchanganya na samadi utabadilika kwa misimu miwili au mitatu. Utanunua sentimita 15 za juu pekee. Gharama inashuka kwa nusu kabla hujaongea na muuzaji yeyote.

Kuna udongo mwingine wa bure ambao watu huukanyaga kila siku. Njia za kupita kati ya matuta zina udongo wa juu mzuri ambao hakuna kitakachopandwa hapo. Ukichimba njia yenye upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 5 kwa kina cha sentimita 10, unapata robo ya mita ya ujazo, yaani zaidi ya ndoo 12. Urushe juu ya tuta. Njia ikishuka, tuta linainuka, na maji ya mvua kubwa ya Aprili yanapata pa kupita bila kuzamisha mizizi.

Palipo na mwamba mtupu au muramu ulioshindiliwa kwa mashine, hapo hakuna ujanja. Utanunua kina chote.

Urefu mara upana mara kina

Ujazo wa tuta ni urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Neno muhimu hapo ni "vyote". Makosa mengi huanzia kwenye kina, kwa sababu urefu tunautaja kwa mita na kina tunakitaja kwa sentimita. Sentimita 30 ni mita 0.3. Ukiandika 30, hesabu itakuambia ununue udongo wa kufukia nyumba. Ukiandika 3, bado utafukia jiko.

Tuchukue tuta la mfano, litakalotufuata katika makala yote. Lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2. Upana huo tumeuchagua kwa sababu: mtu mzima aliyechuchumaa kando ya tuta hufikia sentimita 60 bila kuyumba, kwa hivyo tuta la mita 1.2 linafikiwa katikati kutoka pande zote mbili na hakuna anayekanyaga udongo. Tuta lililoegemea ukuta lifanye la sentimita 60 tu, maana utalifikia kwa upande mmoja.

Kina chetu ni sentimita 30, juu ya mwamba. Basi:

5 × 1.2 × 0.3 = mita za ujazo 1.8

Kwa waliozoea futi, tuta hilo ni kama futi 16 kwa futi 4, kwa kina cha futi 1. Hiyo ni futi za ujazo 64. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35 hivi, kwa hivyo gawanya 64 kwa 35 na utapata 1.8 na kidogo. Chagua lugha moja, futi au mita, na ubaki nayo hadi mwisho.

Huna tepu? Rula ya mwanafunzi ni sentimita 30, na tepu ya fundi wa nguo ni sentimita 150. Pima kamba mara moja kwa tepu hiyo, ufunge fundo kila nusu mita, na una kipimo cha shamba ambacho hakitaibwa.

Udongo hushuka

Sasa kuna jambo ambalo muuzaji hatakueleza. Udongo uliochotwa kwa sepetu umejaa hewa. Ukiumwaga kwenye tuta leo na kulisawazisha hadi ukingoni, rudi baada ya mvua tatu nzito utakuta umeshuka. Samadi nayo huendelea kuoza na kupungua. Isitoshe, ukichanganya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi hupati ndoo tatu kamili, kwa kuwa chembe ndogo za udongo huingia katika mianya ya samadi. Jaribu nyumbani kwa vikombe, watoto wataipenda.

Kwa hivyo ongeza sehemu moja kwa tano, yaani asilimia 20, juu ya hesabu yako. Tuta letu la 1.8 linakuwa:

1.8 × 1.2 = mita za ujazo 2.16

Hii 1.2 si ule upana wa tuta. Ni namna fupi ya kuongeza asilimia 20, na bahati mbaya tarakimu zimegongana.

Mchanganyiko ambao utafaa mboga nyingi ni sehemu mbili za udongo wa juu kwa sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Gawanya 2.16 kwa tatu: samadi ni 0.72, na udongo wa kununua ni 1.44. Hivyo, hata katika tuta la juu ya mwamba, theluthi moja ya unachohitaji huenda iko kwenye zizi lako au la jirani.

Na kama ardhi iliweza kulegezwa kwa sentimita 15? Kina cha kununua ni mita 0.15:

5 × 1.2 × 0.15 = 0.9, ongeza asilimia 20, inakuwa 1.08

Samadi ni 0.36, udongo ni 0.72. Tazama tena hiyo namba ya mwisho. Tulipokuwa juu ya mwamba tulihitaji 1.44. Asubuhi moja ya kulima kwa foki jembe imetuokolea nusu ya udongo.

Kutoka mita hadi ndoo

Mita ya ujazo ni neno la ofisini. Shambani tunachota kwa ndoo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na hivyo ni ndoo 50 za lita 20. Kila 0.1 ni ndoo 5. Udongo wetu wa 0.72 ni ndoo 36, na samadi ya 0.36 ni ndoo 18.

Toroli, au wilbaro kama wengi wetu tunavyoiita, usiikisie, kwa maana zinatofautiana sana na nyingine zimebonyea. Ipime yako mara moja: imwagie udongo kwa ndoo hadi ifike usawa wa kingo, ukihesabu. Ikimeza ndoo 3, ni lita 60, na ndoo 36 zitakuwa safari 12. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukijaa udongo unachukua lita 35 hivi; ukungute kabisa kabla ya kuutumia.

Gunia la mahindi la kilo 90 lina ujazo wa lita 120 hivi. Lakini likijazwa udongo litafika kilo 150 na zaidi, na hakuna bodaboda wala mgongo wa kulibeba. Ndiyo maana muuzaji akikuambia "gunia", muulize limejaa hadi wapi. Magunia ya udongo yanayouzwa barabarani mara nyingi yamejaa nusu, na hilo si wizi. Ni uzito tu. Wizi unaanza pale unapolipia gunia nusu ukidhani ni zima.

Kupima lori

Lori la udongo huuzwa kwa jina la uzani: "tani tatu", "tani saba". Jina hilo linahusu gari linavyoweza kubeba. Halisemi kitu kuhusu ujazo wa udongo uliomo siku hiyo. Udongo uliolegea na unyevu kidogo huwa na uzito wa tani 1.3 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ukinyeshewa unazidi hapo. Anayenunua kwa tani mwezi wa Aprili ananunua maji pia.

Pima bodi ya gari kwa ndani, na umwombe dereva au tanboi akusaidie kushika upande wa pili wa tepu. Tuseme bodi ina urefu wa mita 3.5, upana wa mita 2 na kimo cha mita 0.7. Mara zote tatu ni mita za ujazo 4.9. Hiyo ni ikiwa imejaa hadi ukingoni, pande zote. Lori lililojazwa mlima katikati na mabonde kwenye pembe limejaa kwa macho tu. Omba lisawazishwe kwanza, kisha pima kutoka ukingo wa bodi hadi udongo ulipo, utoe kwenye kimo. Ukikuta udongo uko sentimita 20 chini ya ukingo, kimo ni 0.5, na umebaki na mita 3.5 za ujazo. Hapo una sababu ya kuongea bei upya, na uongee kabla bodi haijainuliwa. Baada ya kumwaga, hata chifu hatakusaidia kujua lori lilikuwa na nini.

Pikapu ya tani moja inadanganya kwa njia nyingine. Bodi yake inaweza kuonekana inatosha mita ya ujazo na zaidi, lakini kwa tani 1.3 kwa mita, uzani wake unaruhusu mita 0.75 hivi. Ikijazwa zaidi ya hapo ni hatari kwa kila mtu kwenye barabara ya Bungoma hadi Malaba, ambayo tayari ina foleni za malori ya masafa marefu. Kwa tuta letu la udongo 0.72, pikapu moja inatosha. Kwa tuta la juu ya mwamba la 1.44, ni pikapu mbili.

Sasa bei. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu. Bei halisi waulize wauzaji watatu. Tuseme pikapu ni shilingi 2,000 na lori letu la mita 4.9 ni shilingi 9,000. Gawanya bei kwa ujazo. Pikapu: 2,000 ÷ 0.75 ni karibu shilingi 2,670 kwa mita. Lori: 9,000 ÷ 4.9 ni karibu shilingi 1,840 kwa mita. Lori ni rahisi zaidi, lakini tuta moja halimalizi lori. Majirani watatu wenye matuta ya juu ya mwamba wanahitaji 1.44 mara tatu, yaani 4.32. Lori moja linawatosha na kubaki akiba, kila mmoja akitoa shilingi 3,000 badala ya 4,000 za pikapu mbili. Vyama vya akina mama vinavyokutana kila wiki vinaweza kulipanga jambo hili ndani ya dakika kumi. Kwa anayehitaji pikapu moja tu, lori la rahisi ni ghali.

Udongo huo umetoka wapi?

Hapa msomaji atuvumilie, maana jambo hili ni zito kuliko hesabu zote zilizotangulia.

Udongo mweusi wa juu ndio unaouzwa, na unatoka kwenye shamba la mtu. Udongo ukichimbwa hufura kwa karibu robo, kwa hivyo lori la mita 4.9 lilitoka kwenye shimo la mita 3.9 hivi. Ikiwa umeparuliwa kwa kina cha sentimita 20, shamba limepoteza ngozi ya eneo la mita 4 kwa mita 5. Malori 24 hivi yanatosha kuvua ploti nzima ya futi 50 kwa 100. Anayeuza hupokea pesa za karo ya muhula mmoja. Ardhi inayobaki haitaota mahindi, na kurudisha inchi moja ya udongo wa juu kwa njia ya asili huchukua mamia ya miaka. Kama mwenye shamba ni mama aliyeachiwa ardhi na watoto, au wazee ambao wanawe wako Nairobi, lori lako linaweza kuwa limebeba urithi wa mtu kwa bei ya viatu.

Hatusemi usinunue. Uliza. Udongo unaotoka mahali ambapo msingi wa nyumba, shimo la choo au bwawa la samaki linachimbwa ulikuwa uondolewe kwa vyovyote, na mara nyingi utaupata kwa gharama ya usafiri tu. Mwambie fundi anayechimba atenge tabaka la juu kando. La chini, jekundu au lenye muramu, liende kujaza mashimo. Udongo wa kingo za mto Malaba au Malakisi achana nao. Kanuni za mazingira zinalinda ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka mahali maji ya mto yalipofika juu zaidi, na kingo zikichimbwa mto huingia mashambani.

Kuna pia mpaka. Kwa wakaazi wa Malaba, Uganda ni ng'ambo ya daraja, na tunavuka kwenda sokoni kama tunavyovuka barabara. Lakini udongo si kabichi. Kuingiza udongo nchini bila kibali cha KEPHIS hakuruhusiwi, hata uwe ni gunia moja juu ya baiskeli, na utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo hauondoi sharti hilo. Sababu si ukiritimba. Minyoo ya mizizi, vimelea vya mnyauko na mbegu za magugu husafiri ndani ya udongo bila kuonekana.

Hata udongo wa hapa nyumbani unaweza kuwa na mgeni asiyetakiwa. Kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mahindi, mtama na wimbi, limewatesa wakulima wa Busia miaka mingi. Mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kukaa hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa nafaka. Sukuma wiki yako haitadhurika. Lakini udongo huo ukisombwa na mvua hadi shamba la mahindi la jirani, umempelekea msiba. Muulize muuzaji shamba lilipandwa nini msimu uliopita na kama kulikuwa na kayongo, na ikiwezekana nenda ukaone mwenyewe.

Kwa nyanya, biringanya, pilipili na viazi, adui ni mnyauko wa bakteria. Ukipewa udongo kutoka shamba la nyanya zilizonyauka ghafla zikiwa bado kijani, kataa, hata wa bure.

Majaribio mawili kabla ya kulipa

Leta nyumbani kopo mbili za udongo unaotaka kuuziwa.

Kopo la kwanza, weka theluthi moja ya chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, jaza maji, tikisa kwa dakika mbili, kisha iache kabisa hadi kesho. Mchanga utatua chini ndani ya dakika moja, chembe za kati zitafuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi utakuja mwisho, mwingine ukiendelea kuelea hadi siku ya pili. Majani na mizizi iliyooza itaelea juu. Unachotafuta ni tabaka zote tatu zikiwepo, bila moja kumeza nyingine. Ikiwa karibu chote ni mchanga, maji ya kumwagilia yatapita kama kwenye chujio. Ikiwa ni mfinyanzi kama ule wa mabonde ya Budalang'i, utapasuka kiangazi na kutuamisha maji masika. Ongeza samadi zaidi ya theluthi tuliyosema.

Kopo la pili, panda maharagwe matano, mwagilia, subiri wiki mbili. Yakiota vizuri na majani kunyooka, udongo hauna sumu ya dawa za kuua magugu. Majani yakijikunja kama vikombe au miche ikikauka bila sababu, mshukuru muuzaji na utafute mwingine. Wauzaji wengine watakuambia wiki mbili ni nyingi. Lori linaweza kungoja.

Udongo wa sehemu nyingi za magharibi ya Kenya una asidi, na huenda ukahitaji chokaa ya kilimo. Hilo halipimwi kwa macho wala kwa ulimi. Afisa wa kilimo wa wadi atakueleza namna ya kuchukua sampuli na mahali pa kuipeleka. Ushauri wake haulipiwi, kwa kuwa kilimo ni kazi ya serikali ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010.

Kwa wanaopanga nyumba

Wapangaji wa Malaba na Busia mjini ambao ploti si yao wasinunue lori. Bustani ya gunia inahama nawe. Gunia la kilo 90 likijazwa hadi kimo cha sentimita 90 humeza lita 120 hivi. Katikati huwekwa nguzo ya kokoto kwa kutumia kopo lisilo na kitako linalovutwa juu kadiri gunia linavyojaa, na kokoto hizo huchukua karibu lita 15. Zinabaki lita 105, yaani ndoo 5 na robo: udongo ndoo 3 na nusu, samadi karibu ndoo 1 na robo tatu. Weka akiba ya ndoo moja kwa ajili ya kushuka. Kwa magunia manne, udongo ni ndoo 14, na hiyo ni mizigo 5 ya ile toroli ya ndoo 3.

Matairi makuukuu ya malori hayakosekani mjini, na wengi hupandia humo. Tairi lililokatwa upande mmoja hubeba lita 200 hivi, yaani ndoo 10. Mimi ningeliachia maua, kwa kuwa mpira huo una kemikali na mboga ni za kuliwa na watoto. Kwa tuta lolote la duara, hesabu ni 3.14 mara nusu ya kipenyo, mara nusu ya kipenyo tena, mara kina.

Siku ya kujaza

Safisha mahali pa kumwagia karibu na tuta iwezekanavyo, na uwe na turubai la kufunika. Usimwage barabarani. Changanya udongo na samadi juu ya ardhi, mbili kwa moja, ukihesabu ndoo kwa sauti ili asichanganye mtu. Jaza kwa tabaka za sentimita 10, ukimwagia maji kidogo kila tabaka badala ya kukanyaga kwa miguu, maana kukanyaga kunarudisha ule ugumu uliolipa pesa kuukimbia. Pandisha tuta zaidi ya ukingo kwa sentimita 5 hivi, na funika kwa nyasi kavu. Tuta lililoinuliwa hukauka haraka kuliko shamba. Katika jua la Januari, tuta letu la mita 5 kwa 1.2 litataka karibu ndoo moja na nusu ya maji kila siku.

Udongo uliobaki weka kwenye magunia, uyafunge, uyaegemeze ukutani mahali pasiponyeshewa. Baada ya wiki tatu pima kina tena kwa ile rula. Palipobonyea, ongeza kutoka kwenye magunia hayo kabla ya kuhamisha miche kutoka kitaluni. Ikiwa tuta limeshuka zaidi ya sentimita 8, samadi haikuwa imeoza. Subiri wiki mbili zaidi kabla ya kupanda, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi.